Maneno ya Kushikiza

Saa mbili na nusu usiku wa Jumanne, tarehe tisa Novemba mwaka 1926, pazia la Ukumbi wa Larkmoor, Broadway, jijini New York, lilifunguliwa kwa mchezo mpya wa nyimbo na vichekesho uitwao Malkia wa Sabuni. Kabla ya mapumziko, wimbo mmoja ulikuwa umeusimamisha mchezo. Kabla ya wiki kwisha, watu watatu walikuwa wameudai wimbo huo, na nafasi ya kuandika jina ilikuwa moja tu.

Wa kwanza alikuwa na vidole. Aliitwa Perl Rozental, mpiga piano wa mazoezi. Angeweza kuusikia muziki mara moja akaupiga wote, kisha akaupiga tena polepole kwa ajili ya wacheza dansi wenye miguu mizito.

Wa pili alikuwa na sauti. Aliitwa Vesta Haukland, binti wa mkulima wa ngano kutoka Nebraska. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika. Mtu aliyeketi kiti cha mwisho alidhani anaimbiwa yeye.

Wa tatu alikuwa na taa. Aliitwa Cormac Tully. Alikaa juu kabisa, nyuma ya viti vya bei rahisi, akiongoza taa kubwa inayomfuata mwimbaji popote aendapo jukwaani. Angeweza kuifanya duara yake iwe pana kama chumba au ndogo kama sahani.

Walifanya kazi katika jengo moja msimu mzima wa mazoezi. Perl na Vesta walikutana mchana kwenye chumba cha chini, wakafanya kazi, wakaagana. Tully hawakumjua hata kwa sura, naye aliwajua kwa utosi.

Sasa ni lazima ueleweke utaratibu wa kazi yao, maana ugomvi wote ulitoka humo.

Katika michezo ya aina ile, muziki hutangulia na maneno hufuata. Mtunzi wa muziki huleta wimbo leo, na wacheza dansi huanza kujifunza leo hiihii. Mtunzi wa maneno huchelewa. Ana njia zake: atembee, avute sigara, agombane na mkewe. Mara nyingine maneno hufika wiki ya kufungua pazia. Lakini mwimbaji hawezi kujifunza wimbo kwa kuguna tu. Kwa hiyo mpiga piano wa mazoezi humpa maneno yoyote yenye mizani sawa na muziki, ayashike kwa muda. Fundi cherehani hushikiza nguo kwa uzi mweupe kabla ya kuishona, na akishaishona huuvuta uzi ule akautupa. Maneno hayo ndiyo uzi huo. Watu wa jukwaani waliyaita maneno ya kushikiza.

Perl kwa kawaida alitumia majina ya mboga. Wasichana wa dansi walikuwa wamejifunza wimbo mzima wa mapenzi kwa viazi, karoti na kabichi, na walipoletewa maneno ya kweli walilalamika kwamba kabichi ilikuwa na maana zaidi.

Ila wimbo wa saba wa Malkia wa Sabuni uliikataa mboga. Muziki wake ulikwenda hatua sita, ukanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza ngazini, kisha ukaenda sita tena. Perl alijaribu viazi, vikagoma. Akajaribu siku za juma, zikazidi. Mwishowe akaimba kilichomjia mdomoni:

Ghorofa ya nne, mlango wa nyuma,
kengele ni mbovu, usijisumbue.
Gonga mara mbili, nijue ni wewe.
Sitakuuliza ulikuwa wapi.

Hayakuwa na vina. Maneno ya kushikiza hayadaiwi vina. Vesta akayashika, na kazi ikaendelea.

Yalitoka wapi? Perl alikuwa na mume, Mendel, fundi wa kofia. Kazi ilipoadimika mjini, Mendel alipanda treni kwenda magharibi kutafuta kibarua, akaahidi kurudi theluji ikiyeyuka. Akiwa huko, nyumba waliyopanga ilivunjwa ili hoteli ijengwe. Perl alihamia mtaa mwingine. Alimwachia mwoka mikate wa jirani maelezo ya mahali alipo. Kisha mwoka mikate naye akavunjiwa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Nyumba zilianguka tu, na Mendel, kama alirudi, alikuta hoteli.

Hayo yalitokea miaka tisa kabla ya mchezo wetu. Tangu hapo Perl alikuwa na desturi moja. Akitembea, alirudia moyoni yale ambayo angemwambia Mendel iwapo wangekutana njiani kwa bahati, katikati ya watu, pasiwe na muda. Mafupi, ya kukumbukika: ghorofa, mlango, kengele. Kuhusu kugonga hakukuwa na haja ya kumfundisha, kwa sababu ndivyo Mendel alivyogonga siku zote, mara mbili. Lakini aliliweka jambo hilo humo, ajue kwamba hajasahau.

Je, ukumbini alimweleza mtu yeyote hilo? Hakumweleza hata mmoja. Vesta hakuuliza. Alidhani ni kabichi nyingine.

Kazi ya Vesta ilikuwa ya upweke wa aina yake. Alikuwa mwigizaji wa akiba. Malkia mwenyewe alikuwa Mirabel Sanford, mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwa taa mlangoni. Vesta alilipwa ili ajue kila wimbo na kila hatua ya Bi Sanford, aje kila siku, akae nyuma ya pazia amevaa viatu, na asihitajike. Akifanya kazi yake vizuri na Bi Sanford akiwa mzima, hakuna mtu duniani atakayeijua kazi hiyo.

Maneno ya kweli ya wimbo wa saba yalifika siku chache kabla ya ufunguzi. Yalihusu mwezi, kama ilivyo ada. Bi Sanford alipewa. Kiongozi wa okestra alipewa. Vesta hakupewa. Hakuna aliyemnyima, ila hakuna aliyemkumbuka, na Bi Sanford aliyajifunza nyumbani kwake, akiitunza sauti kwa usiku wa ufunguzi. Naye Perl, ambaye angemkumbuka, alikuwa ameshaondoka, kwa sababu desturi ni hiyo: okestra ikiingia ukumbini, mpiga piano wa mazoezi huvaa koti lake. Msimamizi wa jukwaa alimshukuru, akamfungulia mlango.

Jumanne ile, jioni, Mirabel Sanford aliteleza akishuka garini akateguka kifundo cha mguu. Vesta akaambiwa avae.

Alivalia katika chumba cha Bi Sanford. Kilikuwa kimejaa maua ya kumpongeza Bi Sanford, mpaka juu ya kiti, na mvalishaji alilazimika kuyahamishia sakafuni ili Vesta akae. Hapakuwa na ua lake. Kwao Nebraska hawakujua. Na hata wangejua, safari ni ya siku mbili kwa treni.

Yaliyofuata yalishuhudiwa na ukumbi mzima, na masimulizi hayapingani.

Katika wimbo wa saba, binti wa tajiri wa sabuni anasimama kwenye baraza ya hoteli huko Florida, amevaa gauni la mapovu, na wachumba wamejipanga chini yake. Anapaswa kuwaimbia kuhusu mwezi. Okestra ikapiga mwanzo. Vesta akafungua mdomo, akaimba alichofundishwa: ghorofa ya nne, mlango wa nyuma.

Watu wakacheka. Walidhani ni kichekesho cha mchezo: binti wa milionea, gauni la mapovu, na kengele mbovu. Kicheko kikapanda. Kiongozi wa okestra akageuza kurasa zake, asione ghorofa yoyote, akashusha mikono. Okestra ikanyamaza. Vesta naye akanyamaza. Alijua kwamba hakuna anayecheka wimbo wa mapenzi, hivyo kuna kosa mahali fulani, na kosa ni lake, ila hakujua ni lipi.

Juu, karibu na mguu wa Cormac Tully, kulikuwa na balbu nyekundu. Amri yake ilikuwa moja na haikuwa na tafsiri: ikiwaka, zima taa. Giza huingia, pazia hushushwa, watu huambiwa kuna hitilafu ya umeme. Balbu ikawaka.

Vesta akainua macho kuelekea kwenye taa. Mwigizaji hufundishwa asiiangalie taa kamwe. Yeye aliiangalia moja kwa moja, kama mtu aliyepotea anavyoangalia dirisha lenye mwanga.

Tully hakuzima. Aliipunguza duara. Baraza ikapotea, wachumba wakapotea, gauni la mapovu likapotea, ukabaki uso peke yake. Vesta akaielewa hiyo kuwa ni amri: endelea. Akaimba iliyobaki bila ala hata moja.

Gonga mara mbili, nijue ni wewe.
Sitakuuliza ulikuwa wapi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mtu mmoja, kwenye viti vya bei rahisi, akagonga ubao ulio mbele yake mara mbili. Akajibiwa na mwingine upande wa pili. Halafu ukumbi wote ukawa unagonga, viti, kuta, mikongojo, mara mbili mbili, na mchezo haukuweza kuendelea mpaka Vesta alipouimba tena, na tena.

Baada ya pazia, msimamizi wa jukwaa alipanda ngazi akamfukuza kazi Tully kwa kukaidi balbu nyekundu. Tully alichukua kofia yake.

Perl hakuwapo. Alikuwa kwake, ghorofa ya nne, mlango wa nyuma.

Jumatano asubuhi mlango wake uligongwa mara mbili.

Jirani yake wa chini, mshona vifungo aitwaye Bi Fanya, alisikia kiti kikianguka juu ya dari yake. Alitoka ngazini kuangalia. Alimwona Perl amesimama mlangoni, nywele hazijafungwa, mkono umeshika fremu, na mbele yake mwuza barafu, bonge la barafu begani, akitabasamu.

"Habari za asubuhi, Bi Rozental," alisema mwuza barafu. "Sitakuuliza ulikuwa wapi." Akacheka.

Perl alimuuliza kwa sauti ya chini maneno hayo ameyatoa wapi.

"Mama, mji mzima unayaimba. Hujatoka nje?"

Mji mzima uliyaimba kweli. Kufikia Alhamisi, vijana waligonga kaunta za baa mara mbili kuagiza kinywaji. Madereva wa teksi waligonga milango ya magari yao. Wapangaji waligongeana ukutani kwa utani. Katika jengo la Perl, ambalo lilikuwa na kengele mbovu kama majengo mengi, hakuna tena aliyegonga mara moja wala mara tatu. Mtoza kodi, mfua nguo, mtu aliyekosea ghorofa: wote mara mbili.

Kila mara Perl alifungua. Bi Fanya alimwambia apuuze, ni wahuni tu. Perl alimjibu kwamba miaka tisa ilikuwa rahisi kuliko siku hizi tatu. Zamani mlango ulikuwa kimya, na kimya alikielewa.

Wakati huohuo mwenye mchezo, Bwana Ansel Krohn, alikuwa na shida ambayo wenzake wengi wangeitamani. Tiketi zilikuwa zimekwisha na bango lake lilikuwa na pengo. Mirabel Sanford, aliposikia kwamba watu wanagonga viti kwa ajili ya mwingine, alivunja mkataba kwa hasira, akaamuru jina lake lishushwe. Likashushwa. Juu ya mlango wa Larkmoor sasa palisomeka Malkia wa Sabuni kwa taa, na chini yake mstari mmoja wa balbu, unawaka, hauna herufi.

Krohn alifikiri kuuandika wimbo kwa jina la mtunzi wa maneno, amalize. Mtunzi wa maneno alikataa. Alisema yeye ni mtu wa vina, na katika maisha yake yote hajawahi kuandika kengele mbovu.

Ndipo Jumatatu mchana, tarehe kumi na tano, Krohn akawaita wahusika kwenye ukumbi mtupu. Perl aliitwa kwa sababu Vesta alimtaja. Tully hakuitwa. Alikuja mwenyewe, akaketi mbali, kwenye viti vya bei rahisi, hivyo ikabidi wanaomjibu wapaze sauti.

Krohn alieleza hali. Mstari ni mmoja. Jina litakaloandikwa pale ndilo litakalochapwa kwenye santuri na kwenye karatasi za muziki, na mwenye jina hilo ndiye dunia itakayemjua kwa wimbo huu. Hawezi kuandika majina matatu, kwa maana mbele ya ukumbi hapakuumbwa kwa majina matatu. Fundi wa bango yuko njiani na herufi. Aliwataka waseme, kila mtu hoja yake, kwa ufupi.

Vesta alisema kwanza. Hakukanusha kwamba maneno si yake. Alisema alipewa maneno hayo, hakupewa mengine, akayabeba peke yake mbele ya watu wote waliokuwa wakimcheka. Alisema yale maneno yalikaa kwenye chumba cha chini msimu mzima na hayakumsimamisha hata paka. Yalitoka mdomoni mwake ndipo yakawa wimbo. Kisha akataja jambo ambalo Krohn hakulikanusha: kuna mwanamke mwingine mwenye jina, ameshapigiwa simu huko Chicago, aje achukue gauni la mapovu. Jina la Vesta likiwa juu, hawezi kuondolewa. Lisipokuwa juu, Ijumaa anarudi nyuma ya pazia na viatu vyake.

"Nikirudi pale," alisema, "hakuna atakayejua kwamba niliwahi kutoka."

Tully alizungumza kutoka juu. Aliwauliza kama wamewahi kuimba gizani. Maneno yale na sauti ile, alisema, vilikuwa vimeshakufa. Wimbo ulikuwa umesimama, okestra imenyamaza, balbu imewaka. Mtu mmoja tu katika jengo zima alikuwa na kitu mkononi cha kuamua, na akaamua, na akijua kitakachomgharimu. Sasa hakuna ukumbi Broadway utakaomwajiri mtu aliyekaidi balbu nyekundu, isipokuwa aonekane alikaidi kwa haki.

Krohn alimuuliza kwa nini hakuzima.

Tully aliinamia mbele. "Nimewamulika watu miaka kumi na mmoja, Bwana Krohn. Wewe mwenyewe nimekumulika ukitoa hotuba. Yeye ndiye wa kwanza kuangalia taa inatoka wapi."

Vesta aligeuka akamtazama. Wanasema ndiyo mara ya kwanza alipouona uso wake.

Perl alikuwa ameketi kwenye benchi la piano, mgongo kwa kinanda. Krohn alimwambia, kwa upole, kwamba yeye aliweka maneno ya kushikiza, na kila mtu wa kazi hii anajua maneno ya kushikiza hayana mwenyewe. Ni uzi wa kutupwa.

Perl alikubali. Alisema ndivyo ilivyo, na hangedai kabichi. Lakini uzi huu haukutupwa. Nguo ilitupwa, uzi ukabaki, na watu wanauvaa. Alichotaka kwanza si jina. Alitaka wimbo uondolewe, mji usahau, mlango wake urudi kuwa mlango.

Krohn alisema haiwezekani. Santuri zimeshaanza kuchapwa.

"Basi nisikilize, Bwana Krohn," alisema Perl. "Nilikuwa na ishara moja na mtu mmoja. Sasa ni ya mji mzima. Akija leo akagonga, nitafungua nikidhani ni mwuza barafu. Kama huwezi kunirudishia ishara yangu, weka jina langu juu, ajue mlango anaousikia kwenye gramafoni ni wa nani."

Tully alimwonya kutoka juu. "Bi Rozental, jina likiwekwa, watakuja wote. Walevi, waandishi, wote watagonga."

"Wanakuja sasa. Tofauti ni kwamba yeye hayumo."

Vesta ndiye aliyeuliza ambalo wanaume wawili walikuwa wanalizunguka. Hakuuliza kwa ukatili. "Na kama yuko, Bi Perl, na anaujua wimbo, na hataki?"

Perl alimgeukia. "Akiliona jina asije, nitakuwa nimejibiwa," alisema. "Sasa hivi sijajibiwa hata hilo."

Ikabaki zamu ya Krohn kuhukumu. Alijaribu kupima kwa sauti. Bila maneno ya Perl, Vesta angeimba mwezi, watu wangepiga makofi ya adabu, na wimbo ungesahauliwa kwenye teksi. Bila sauti ya Vesta, maneno yangebaki chumba cha chini pamoja na kabichi. Bila taa ya Tully, pazia lingeshushwa na watu wangeambiwa ni umeme. Alirudi mwanzo akapima tena. Ikawa vilevile.

Kisha akapima kwa njia nyingine: nani atapoteza zaidi. Vesta atapoteza yajayo. Tully ameshapoteza kazi. Perl alipoteza zamani, lakini wao ndio waliompotezea kile alichokuwa amebaki nacho. Hapo pia mizani haikuinama.

Tully alisema kutoka juu kwamba kama Bwana Krohn anahitaji mwanga zaidi, anamjua mtu mmoja hodari ambaye kwa sasa hana kazi. Vesta alicheka. Perl naye alicheka kidogo. Ilikuwa mara pekee ambapo watatu hao walifanya kitu kimoja kwa pamoja wakijua kwamba wako pamoja.

Walitoka nje. Krohn alibaki mlangoni, mikono mfukoni. Vesta alisimama chini ya bango, kwa sababu watu walikuwa wameanza kupanga foleni, na mmoja alikuwa amemtambua. Tully alivuka barabara, akasimama ng'ambo, mahali ambapo mtu anaweza kuliona bango lote kwa mara moja. Perl hakuchagua upande. Alisimama karibu na ukingo wa njia, akitazama nyuso za wapitao, kama alivyozoea.

Saa kumi na moja jioni fundi wa bango, Gaspare Lo Monte, aliegemeza ngazi yake kwenye ukuta wa Larkmoor. Alipanda na sanduku la herufi za bati. Alipofika kwenye mstari mtupu alizitoa herufi tatu alizoambiwa aje nazo, V, P na T, akazipachika mkononi kama mtu anayebeba vikombe. Chini yake, mtu mmoja kwenye foleni aligonga mguu wa ngazi mara mbili kwa mzaha. Wengine wakacheka. Perl aligeuka haraka, akaangalia ni nani, kisha akageukia tena njia.

Gaspare aliinama akamuuliza Krohn aanze na herufi gani. Krohn alitoa mikono mfukoni, akairudisha.

Lililothibitishwa linaishia hapo. Fundi yuko juu ya ngazi, balbu zinawaka, na mkono umenyooshwa kuelekea kwenu mnaosikiliza. Muziki una mwenyewe, huo hatuugombei. Lakini yupo aliyeyasema maneno, yupo aliyeyaimba, yupo aliyekataa kuyazima, na mstari ni mmoja. Haya, mwambieni Gaspare: ni V, ni P, au ni T?